Nilipoondoa Tarumbeta

Kama gazeti la wiki iliyopita umelifungia viatu, usihangaike kulifungua. Nakukumbusha kwa ufupi: mimi ndiye yule fundi wa kukatakata nyimbo, watu wananiita Mkasi, niliyebadilishana kochi la sebuleni na spika mbili za seremala. Mke wangu akarudi nyumbani na wageni wake wa heshima kutoka kazini, akakuta hawana pa kukaa. Nikawaketisha juu ya spika. Kwa bahati mbaya zilikuwa zimewashwa.

Jioni ileile alifunga begi akaenda kwao. Aliniacha nimesimama mlangoni namwita, ngazi ziko tupu. Nilidhani siku ile nimefika chini kabisa. Kumbe chini nako kuna ghorofa.

Nilimfuata kwao. Baba mkwe alinipokea kibarazani, hakuniambia nikae.

Huyu mzee si mtu wa hivihivi. Enzi za ujana wake, salsa ilipokuwa ndiyo muziki wa mjini na vijana wakivaa suruali za kufagia barabara, aliimba wimbo mmoja. Mmoja tu. Lakini wimbo ule uliingia kila nyumba yenye redio, na kwa sauti ile nyembamba, laini, watu wakambatiza Koo la Asali. Maneno yenyewe yalikuwa ya kigeni, bendi nzima haikujua yana maana gani, na hakuna aliyejali. Watu walilia wakicheza.

Halafu, kwa maelezo yake mwenyewe, santuri ilipotoka tu homa ikamshika koo na sauti ikazama moja kwa moja. Tangu hapo anazungumza kama mlango wa ghala, na hajaimba tena. Jina lakini lilibaki. Mpaka leo kwa kinyozi hapangi foleni.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya kochi. Hata hakuligusia. Aliniuliza kama najua kinachoendelea mjini, nikamwambia sijui, akaniambia kwa uchungu. Vijana wanazichimbua salsa za zamani. Wanazitia ngoma mpya na besi ya kutingisha madirisha, wanaita rimiksi, na kumbi zinajaa. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni Mashavu.

Mashavu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi yao. Kijana fulani amechukua kipande alichowahi kupuliza, akakirimiksi, na sasa wasichana wanamsimamisha sokoni kupiga naye picha. Baba mkwe alilisema neno picha kama mtu anayetema mbegu. Eti Mashavu, mtu aliyekuwa anaingia kabla hajahesabiwa.

"Sikiliza," akasema. "Fufua wimbo wangu. Jumapili ulete hapa, Mashavu asikie na ukoo wote usikie. Watu wakiinuka kucheza, mkeo unaondoka naye siku hiyohiyo. Wakikaa, nenda kalale na spika zako."

Nyuma ya pazia la dirisha mke wangu alikohoa. Nakijua kikohozi kile, maana yake amesikia.

Mama mkwe akaniletea maji. Huyu ni mwanamke wa maneno machache mno, na katika nyumba ile unamsikia kabla hujamwona, kwa sababu ya bangili. Alivishwa siku ya harusi, mikono ikanenepa, zikakataa kutoka. Akimwaga maji zinalia, akifagia zinalia. Nilikunywa, nikashukuru, nikaondoka.

Karakana yangu ni chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani. Ukutani nimebandika trei za mayai kuzuia kelele, lakini cherehani haijui trei, kwa hiyo kazi ya maana naifanya fundi akienda kula. Nilichukua santuri ya baba mkwe nikaiosha kwa sabuni na kitambaa laini kama mtoto mchanga. Ikabaki sindano ya kuichezea, maana yangu ilikuwa imekufa na bei ya mpya haishikiki.

Sindano nikaipata. Nimeipataje, hilo niachieni kwanza.

Sasa wasioijua kazi hii niwaeleze. Zamani bendi iliingia chumba kimoja, ikazunguka maikrofoni moja, ikapiga mpaka ikamaliza. Kila kitu kilinaswa pamoja, tarumbeta juu ya sauti, ngoma juu ya kiti kilichoanguka. Lakini kompyuta za siku hizi zina programu inayouchambua wimbo kama mchele. Ngoma zinakwenda huku, piano kule, na sauti inabaki peke yake mezani.

Nilipoondoa tarumbeta, nywele zilinisimama.

Wimbo ule nimeusikia tangu tumboni mwa mama yangu, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia uchi. Tarumbeta ya Mashavu ilikuwa inaingia ghafla kila mwisho wa mstari, ndiyo iliyompatia sifa. Sasa haipo, na pale alipokuwa anaingilia kuna mtu anavuta pumzi. Pumzi fupi, ya haraka, kama ya mtu aliyebeba kitu mkononi. Na chini ya pumzi kuna kitu kinalia. Kling. Kling-kling. Kling.

Nikampigia simu baba mkwe, nikamuuliza hiki ni chombo gani.

Akasema ni njuga ndogo, aliifunga mwenyewe mkononi siku ile.

Nikamwambia njuga hii ndiyo moyo wa wimbo. Akaniambia niiondoe. Nikasema sawa, baba.

Sikuiondoa. Niambieni fundi gani anaokota almasi kwenye mchanga halafu anairudisha kwa sababu mwenye mchanga amesema. Nilikata kipande cha njuga, nikakizungusha, nikakipandisha mpaka kikawa mbele ya kila kitu. Rimiksi yangu ilianza na kling peke yake. Ndipo vijiti viwili vya salsa vikajibu, ikaja besi, ikaja piano ile inayojizungusha kama mbwa anayetaka kulala.

Najua wewe msomaji umeshafika, umekaa unanisubiri. Mimi nilikuwa bado njiani. Sisi mafundi wa sauti tuna ugonjwa wetu, hatusikii kitu mpaka kipite kwenye spika.

Jumapili mchana nikafika na mzigo wangu. Sebule ilijaa. Shangazi wa mke wangu alikuwa amekamata kiti cha mbele, vijana wa jirani wamebanana dirishani, na Mashavu amekuja na suti nyeupe iliyombana kuanzia mabegani mpaka dhambini. Baba mkwe alikaa katikati amekunja nne. Kando ya mlango niliona begi la mke wangu, limefungwa, limesimama wima.

Nilipokuwa nachomeka nyaya, mke wangu akapita karibu.

"Nimelifunga tangu asubuhi," akanong'ona. "Usinifanye nilifungue."

Huo ndio ulikuwa ujumbe mtamu kuliko yote niliyopata tangu aondoke. Nikabonyeza.

Kling. Kling-kling. Kling.

Vijana wa dirishani waliingia kupitia dirishani. Besi ilipoingia, picha ya harusi ya ukutani ikalala upande. Shangazi alijishika kiuno akasema goti lake bovu, kisha akacheza na goti lake bovu. Mashavu alivua koti la suti, na nadhani kila mtu alifurahi kwa niaba ya vifungo. Mke wangu alikuwa anacheza na mimi, mkono wake uko begani kwangu, na mimi, jamani, niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Baba mkwe hakucheza. Alikuwa anaitazama spika. Nilifikiri ni machozi ya ushindi yanajipanga.

Ikafika sehemu niliyoipenda mwenyewe. Ngoma zote zinaacha, tarumbeta haipo, inabaki sauti tupu na kling yake. Wakati huohuo mama mkwe akatoka jikoni na sinia la glasi.

Alikuja akitembea ndani ya wimbo. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mlio wa bangili zake na mlio wa spika vilikuwa kitu kimoja.

Hapo nikafanya kosa la kifundi. Kwenye kumbi tuna mtindo, wimbo ukikolea tunazima sauti ghafla ili watu waimbe wenyewe, halafu tunairudisha. Unapendwa mno. Nikataka kuwaonyesha wakwe zangu kwamba nami naujua. Nikazima.

Spika zikanyamaza. Kling ikaendelea.

Na sauti ikaendelea pia. Mama mkwe, macho kwenye glasi zisimwagike, alimalizia mstari. Ilikuwa imeshuka kidogo, ina mchanga wa umri, lakini ilipinda palepale, na kabla ya neno la mwisho ikavuta pumzi ileile fupi. Kisha akagundua kuwa anaimba peke yake, akafunga mdomo.

Chumba kizima kiligeuka. Shangazi alimtazama mama mkwe, akaitazama spika, akamtazama kaka yake, akakaa chini bila kuangalia kama kiti bado kipo. Kilikuwepo, bahati yake.

Baba mkwe akacheka. Kicheko kilikuwa kikavu, cha mtu anayetafuta mlango. Akasema mnaona rimiksi za siku hizi, mashine zinatia sauti za kike ndani ya nyimbo za watu. Wala hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Kisha akanyoosha mkono, akaushika mpini wa begi la mke wangu, akanitazama.

"Mkasi, wewe ndiye fundi. Waambie hawa. Hiyo sauti ni yangu, umeichezea kwa mashine. Au siyo?"

Nikamtazama mke wangu. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alikuwa anasubiri kama wengine.

Ningependa kuwaambia nilisimama imara. Wenye kusimama imara wana safu yao kwenye gazeti hili, ukurasa wa michezo. Mimi nililiona lile begi, nikauona mkono ulioshika begi, nikafikiria chumba changu kisicho na mtu wa kunigombeza.

"Ni mashine," nikasema.

Mama mkwe akaliweka sinia mezani. Aliliweka taratibu, glasi moja baada ya nyingine zikatulia.

Aliyefuata kusema alikuwa Mashavu. Alikuwa ameshika koti lake kifuani kama mtu aliyefumaniwa bafuni.

"Basi mimi nilikuwa napuliza bure?" akauliza. "Kila shemeji akivuta pumzi niliambiwa nipulize, na mpaka leo watu wananisifu kwa kuingia ghafla. Ilikuwa ni kumfunika. Bendi nzima tuliapa, na nimelishika neno langu. Lakini sikuapa kwamba nilifunika mashine."

Baba mkwe akamwambia anyamaze. Mashavu akasema amenyamaza vya kutosha, ameota mvi akiwa amenyamaza.

Hapo mama mkwe akazungumza, na kwa mtu wa maneno machache alikuwa ameyaweka akiba. Alisimulia bila kupandisha sauti. Siku ile alikwenda kuwapelekea chai tu. Mumewe ameamka hana sauti kwa kubishana na watu, chumba cha kurekodi kimeshakodiwa, wenzake wameshika vichwa. Wimbo yeye anaujua, walikuwa wanaufanyia mazoezi uani kwake huku anafua. Akaimba, na chupa ya chai bado iko mkononi. Mumewe akamwomba isijulikane, akakubali. Hakuona ni kitu kikubwa, alimpa kama mtu anavyompa mwenzake koti wakati wa baridi.

Sauti ya mumewe, akasema, ilirudi baadaye, tena ilikuwa sauti nzuri tu ya kiume. Lakini watu walikuwa wameshaizoea ile nyingine, akaogopa kufungua mdomo. Wakanyamaza wote wawili, kila mmoja na chumba chake.

Nilimtazama baba mkwe. Alikuwa anakitazama kidole chake cha mguu. Nikamhurumia, na sikuwa na haki ya kumhurumia mtu.

"Sijawahi kudai," mama mkwe akamwambia. "Ungeniambia leo uimbwe tena kwa jina lako, ningeimba. Nimeitwa mengi katika nyumba hii. Mashine, leo ndiyo mara ya kwanza."

Nilijaribu kujifanya kwamba hilo halinihusu. Mke wangu akahakikisha linanihusu.

"Baba amesema kwa sababu anaogopa," akaniambia. "Wewe umesema kwa sababu ya begi. Umemwita mama yangu mashine kwa sababu ya begi."

Nikamwambia sikuwa nataka begi, nilikuwa namtaka yeye. Lilikuwa neno la kweli, ila lilitoka wakati mbaya, na neno la kweli likichelewa linafanana sana na uongo. Alilivuta begi kutoka mkononi mwa baba yake, akalilaza sakafuni, akafungua zipu. Akaanza kutoa nguo. Ilitoka blauzi ya bluu, ikatoka sweta.

"Funga hilo begi," mama mkwe akasema.

"Mama, siendi kwa mwongo."

"Sikia, mwanangu. Wewe umeolewa na mwongo, mimi nimeolewa na mwongo. Wako ana maikrofoni."

Akaingia chumbani. Tulimsikia humo ndani, kling ya kufungua kabati, kling ya kuvuta kitu chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa na sanduku dogo la bati na viatu vya kutokea. Shangazi akaanza hotuba ya kwamba mambo haya hayafanywi mbele ya wageni, mama mkwe akampa lile sinia ashike. Shangazi akashika.

Mke wangu alinitazama muda mrefu. Kisha akarudisha sweta, akarudisha blauzi, akafunga zipu. Hakunisamehe, tuelewane. Alikuwa anamsindikiza mama yake, na mama yake alikuwa anasindikiza sauti yake. Mimi nilikuwa mtu wa mizigo.

Nikabeba begi mkono huu na sanduku mkono huu. Spika nikaziacha hapohapo sebuleni, nikaona bora zibaki zimliwaze mzee.

Baba mkwe alitufuata mpaka getini. Sijawahi kumwona akitembea haraka. Alisimama, akashika chuma cha geti, na alipozungumza halikuwa Koo la Asali wala mlango wa ghala. Ilikuwa sauti ya mzee wa kawaida ambaye hajui chumvi inawekwa wapi jikoni kwake.

"Mkasi. Nilisema uchukue mkeo. Sikusema uchukue na wangu."

Mama mkwe ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa upole kuliko sote tulivyotarajia. Akamwambia chai iko kwenye chupa, na kwamba akitaka kumsikia, atamsikia redioni, safari hii kwa jina lake. Akageuka. Mzee alibaki ameshika chuma.

Tukashika njia. Nyuma yetu vijana wa dirishani walikuwa bado wanaimba ile kling kwa midomo. Mama mkwe alitembea mbele, mikono inacheza, anapanga maisha yetu kwa sauti. Asubuhi tutarekodi fundi cherehani hajafungua. Mashavu aje, apulize, lakini apulize pale anapoambiwa na mwenye wimbo. Mke wangu aliposikia hilo alicheka kidogo, na bila kujua akaegemea bega langu. Nilihisi bega lile limepona kitu.

"Na kulala msipate shida," mama mkwe akaendelea. "Mimi na binti yangu tutalala kitandani, mimi upande wa ukutani. Huyu ajilaze popote."

Mke wangu akasema kitanda ni kipana, kinatosha. Akasema ndicho kitu pekee cha maana tulichobaki nacho, kile chenye alama ya pasi kwenye ubao wa kichwani, alama aliyoiweka mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa.

Nikapendekeza tupite njia ya juu. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema upepo. Wakaniambia mizigo ni yako, upepo wa nini, wakakata kona ya chini, ile yenye karakana ya seremala.

Sindano ya santuri ni kitu kidogo sana, ndugu msomaji. Unaweza kuificha kwenye kiganja. Lakini yule seremala ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa nayo, na seremala hapokei ahadi.

Bangili ziliacha kulia. Mama mkwe alikuwa amesimama, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama katikati ya barabara, anakitazama kilichoegemezwa nje ya karakana, kimepigwa vanishi mpya kila mahali isipokuwa pale penye alama ya pasi.

"Mkasi," akasema, na ndoa nzima hajawahi kuniita hivyo. "Kile pale si kitanda chetu?"